Shajara ya mradi: beji za kofia za Keya na za waliopigana kwetu

Januari

Mipaka ya mradi nimeiweka kabla ya kununua kitu chochote. Nakusanya beji za kofia za rejimenti zilizopigana Afrika Mashariki, pamoja na za askari wetu waliopelekwa kupigana mbali, kuanzia 1902 hadi 1964. Kila beji itakaa ubaoni na habari zake pembeni: batalioni iliundwa wapi, ilipita wapi, ilipoteza watu mahali gani. Beji isiyokuwa na habari haipandi ubaoni, hata ikiwa ya nadra kiasi gani.

Mwaka wa kwanza si wa kubahatisha. Tarehe 1 Januari 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya huku kuwa rejimenti moja, King's African Rifles: vya Nyasaland (leo Malawi) vikawa batalioni ya 1 na ya 2, vya Kenya ya 3, vya Uganda ya 4 na ya 5, na vya Somaliland ya 6. Herufi zake, K.A.R., ndizo zilizotupa jina la Keya, na hadi leo ukitaja mzee wa Keya mbele ya watu wazima wa Tanga huhitaji kueleza zaidi.

Mwisho ni 1964. Tarehe 20 Januari mwaka huo askari wa Tanganyika Rifles, waliokuwa Keya hadi uhuru wa 1961, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kikosi kikavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Baada ya hapo sigusi. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi lililopo, na mimi sitaki hata alama yake moja katika makasha yangu. Wanaoniletea vitu vya namna hiyo nawarudisha navyo mlangoni.

Februari

Mwezi huu umekwenda kwa kusoma taji. Beji nyingi za Kiingereza zina taji juu, na umbo lake ndilo kalenda ya kwanza ya mkusanyaji. Taji la wakati wa malkia Victoria lina umbo lake. Kuanzia 1901 likaja lile linaloitwa taji la Tudor, ambalo matao yake yamepanda yakawa duara kama kuba. Malkia Elizabeth alipotawala, likabadilishwa na kuwa taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yamebonyea katikati. Jicho likilishika mara moja halilisahau.

Kwa Keya somo hili lina faida kubwa. Rejimenti iliundwa Victoria amekwisha kufa, kwa hiyo hakuna beji halali ya Keya yenye taji la Victoria. Lenye kuba ni la kuanzia 1902 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, yaani vita vyote viwili vikuu vimo humo. Lililobonyea ni la miaka ya mwisho tu, kabla ya uhuru. Wiki hii muuzaji mmoja wa ng'ambo alinipa bei kubwa kwa beji aliyosema ni ya vita vya 1914, na taji lake limebonyea katikati. Nilimwandikia kwa adabu sababu ya kutoinunua.

Baragumu nalo lina maana yake. Rejimenti za rifles za Uingereza hutumia baragumu kwa sababu zilitokana na askari wepesi waliotawanyika porini, ambao hawakuongozwa kwa ngoma bali kwa mlio wa baragumu. Keya ilirithi alama hiyo pamoja na jina. Lakini zinazonivutia zaidi ni beji ndogo za tarbushi zenye namba ya Kiarabu, kwa mfano ٤ ya batalioni ya 4 ya Uganda. Asili yake ni watu wenyewe. Kiini cha jeshi la Uganda kilikuwa Wasudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwakuta na kiongozi wao Salim Bey karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawachukua. Hao walileta amri, vyeo na namba za jeshi la Misri, ndiyo maana Keya ya zamani, sawasawa na jeshi la Wajerumani, ilikuwa na ombasha, shaushi na efendi. Mafundi wa beji wa Uingereza walichonga namba ya Kiarabu kwa sababu askari walikuwa wakiisoma hiyo.

Machi

Imefika beji niliyoitamani kuliko zote: Loyal North Lancashire. Juu ni simba amesimama juu ya taji, chini yake waridi la Lancaster, kisha utepe wenye jina. Ni ya madini mawili, shaba ya njano na metali nyeupe, na nyuma ina ulimi mrefu wa kuchomekea kwenye kofia.

Kwa mtu wa Tanga hii si beji ya Kiingereza tu. Batalioni ya 2 ya rejimenti hii ndiyo iliyokuwa batalioni pekee ya askari wa kudumu wa Uingereza katika kikosi kilichoshuka kwetu tarehe 2 na 3 Novemba 1914. Wenzao wote walikuwa wa India: Rajputs wa 13, Palamcottah wa 63, 98th Infantry, Grenadiers wa 101, Kashmir Rifles, Gwalior na wengine. Jumla yao walikuwa kama 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari wetu. Tarehe 4 Novemba washambuliaji walipita kwenye mashamba ya mpira na mikonge, katika joto, baada ya kukaa baharini wiki nyingi. Sehemu ya Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles ilifika hadi ndani ya mji, nyumba kwa nyumba, kabla ya kurudishwa nyuma. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashukia watu wa 98th, na hadithi hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi kuliko ya wafu. Tarehe 5 waliondoka na kuacha ufukweni bunduki za kawaida, bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Askari wa Lettow walipigana kwa risasi hizo muda mrefu.

Utepe wa beji ndio unaonithibitishia miaka. Unasomeka "Loyal North Lancashire". Mwaka 1921 jina la rejimenti liligeuzwa kuwa The Loyal Regiment, na utepe ukabadilika pia. Beji yenye jina jipya haikuwahi kuiona Tanga, hata kama rejimenti ni ile ile. Nimekutana na wauzaji wanaozichanganya, na wanunuzi wa huku wanaotoa fedha kwa jina la Tanga kwa beji ya 1930.

Kuna jambo jingine nimeliandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu. Batalioni hiyo ilikaa huku hadi 1917 ndipo ikapelekwa Misri, na rejimenti ikapewa heshima ya vita inayoitwa "Kilimanjaro". Mlima wetu umeandikwa kwenye bendera ya rejimenti ya kaskazini ya Uingereza. Neno Tanga, walikoshindwa, halimo miongoni mwa heshima hizo. Kwa hiyo anayesoma orodha ya heshima peke yake hatajua kwamba walifika hapa. Kadi yangu itasema.

Aprili

Kazi ya mikono. Nimenunua lenzi ya kukuzia na mizani ya sonara.

Beji ya kweli ilipigwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo mistari ni mikali, manyoya ya simba yanahesabika, na nyuma unaona umbo lile lile limeingia ndani. Ya bandia huwa imemiminwa. Ina vitundu vidogo vidogo, mistari imelegea, na mara nyingi ni nzito kuliko inavyotakiwa. Lakini hatari kubwa zaidi ni zile zilizopigwa upya kwa mihuri ya asili baada ya rejimenti kuunganishwa au kufutwa. Hizo mbele ni kamili kabisa. Hapo lazima ugeuze: ulimi uliopachikwa juzi unang'aa kwenye maungio, ukingo wake ni mkali, na shaba haina ile rangi ya miaka.

Zipo pia za wakati wa shida. Mwaka 1916 metali nyeupe ilikuwa haba, Waingereza wakapiga baadhi ya beji kwa shaba ya njano tupu. Katika vita vya pili walitengeneza hata za plastiki, rangi ya kahawia au kijivu. Wakusanyaji wengine wanazidharau. Mimi naziweka mbele, maana zinaonyesha vita ilikula nini.

Kuhusu kung'arisha: sing'arishi. Beji iliyolika kwa kusuguliwa na askari kila asubuhi kabla ya paredi, mpaka uso wa simba ukawa laini, hiyo ina maisha ya mtu ndani yake. Nikiisugua mimi nafuta ya kwake. Kutu ya kijani ndiyo pekee ninayoitoa, kwa kijiti cha mti na mafuta kidogo, polepole. Na hewa ya pwani haina huruma. Albamu za plastiki laini ya PVC nimeziondoa zote, kwa sababu hutoa asidi inayokula shaba. Kila beji sasa inakaa kwenye karatasi isiyo na asidi, ndani ya kasha la mbao, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Mei

Ubao wa batalioni ya 6.

Batalioni hii ndiyo Keya ya Tanganyika, na historia yake ni ya ajabu kuliko inavyosimuliwa. Ile ya 6 ya kwanza, ya Somaliland, ilivunjwa 1910. Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea kusini, Waingereza waliiunda upya, na safari hii waliandika watu waliokuwa askari wa Wajerumani, mateka na walioachwa nyuma. Mtu aliyekuwa na tai wa Kaisari kwenye tarbushi yake Tanga au Mahenge, akafundishwa amri kwa Kijerumani, alivuliwa tai yule akavishwa alama ya Mfalme George, akarudi porini kumfuata bwana wake wa jana.

Wanahistoria wa kijeshi hutaja jambo hili kwa sentensi moja na kuendelea. Mimi nimeupa ubao mzima. Kushoto tai wa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Wajerumani, kulia Keya, katikati ramani ya nchi moja ambayo ndiyo iliyotoa watu wa pande zote mbili. Wengine watasema hao walikuwa mamluki tu. Sikubaliani. Mtu aliyetekwa, mbali na kwao, njaa imeshika nchi kwa sababu majeshi mawili yamekula kila ghala, aliambiwa achague kati ya kambi ya mateka na mshahara. Hilo si jambo la kuhukumiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti na chai mkononi.

Keya ilianza vita ile na batalioni tatu, watu kama 2,300. Ilimaliza na batalioni 22 na zaidi ya watu 30,000. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na waliomzunguka siku ile walikuwa Keya.

Mwisho wa Mei

Nimekwenda kumtembelea mzee mmoja nje ya mji, ambaye marehemu baba yake alikuwa Keya vita ya pili. Nilisikia ana beji.

Nilipiga hodi, nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akaniuliza kwanza mimi ni mtoto wa nani na nimezaliwa wapi, ndipo tukakaa. Beji ilikuwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bati, pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi.

"Kuuza siuzi, mjukuu wangu," alisema. "Kupiga picha, piga."

Sikuwa nimekwenda kununua. Nilipiga picha mbele na nyuma, nikapima, nikanakili namba ya batalioni kutoka kwenye cheti: 26. Hapo nikamweleza jambo ambalo yeye hakuwahi kuambiwa na mtu. Katika vita ya pili batalioni zilipoongezwa, mara nyingi tarakimu ya mwisho ilionyesha nchi. Ya 26, ya 36 na ya 46 zote ni watoto wa 6, yaani Tanganyika. Akacheka kwa furaha, akasema baba yake alikuwa akiwaambia "sisi wa sita" na wao walidhani alikuwa wa sita kuingia.

Batalioni ya 26 ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ambayo alama yake ilikuwa kichwa cheusi cha faru kwenye njano. Divisheni hiyo iliteremka Bonde la Kabaw, Bama (Burma, leo Myanmar), mwaka 1944, masika yakiwa yamepamba moto. Magari yalizama, njia zikawa mito, na mizigo ikadondoshwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba walishika Kalewa kwenye mto Chindwin, na sehemu kubwa ya jeshi la Jenerali Slim wa Uingereza ikavukia hapo. Mzee alikumbuka kwamba baba yake hakupenda mvua maisha yake yote. Ikianza kunyesha usiku alikuwa akiamka na kukaa mlangoni.

Nimemchapishia picha, na nakala ya ramani ya bonde lile. Beji imebaki kwake, na ubaoni itakuwapo picha tu. Naona ndivyo ifaavyo kwa beji zote zenye wenyewe.

Julai

Heshima za vita za Keya, nimeziandika zote kwa mkono kwenye karatasi ndefu. Ya kwanza ni "Ashanti 1900", kwa kuwa wanajeshi wa Nyasaland walipelekwa hadi Gold Coast (leo Ghana) hata kabla rejimenti haijapewa jina. Halafu Somaliland. Halafu Kilimanjaro, Narungombe, Nyangao. Katika vita ya pili: Moyale, Juba, Awash, Colito, Omo, Gondar, Mawlaik, Kalewa na nyinginezo.

Narungombe na Nyangao! Ni vijiji vya kusini mwetu. Narungombe, bara ya Kilwa, walipigana 19 Julai 1917, na pamoja na Keya walikuwapo Gold Coast Regiment. Nyangao, katika njia ya kutoka Lindi, ndiyo vita ambayo wengine huiita Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne za kuuana ambazo ziliwapotezea Waingereza zaidi ya nusu ya watu wao walioingia vitani. Wanaijeria walikuwapo pale. Kwa hiyo ubao huu utakuwa na beji za West African Frontier Force, yenye mchikichi, karibu na baragumu letu.

Colito nayo imenisimamisha. Ni mahali Ethiopia ambapo batalioni ya 1/6 ya Keya ilipigana 19 Mei 1941, na ambapo Sajenti Nigel Leakey aliruka juu ya vifaru vya Waitalia na kuuawa, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Jina hilo likapewa kambi ya Dar es Salaam. Kambi hiyo leo inaitwa Lugalo, jina la mahali huko Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa walilipiga jeshi la Wajerumani la Zelewski mwaka 1891. Jina la ushindi wa Keya ugenini limeondoka, likaja la ushindi wa Wahehe nyumbani kwao. Nimeandika yote mawili kwenye kadi moja.

Septemba

Bado natafuta beji ya East African Artillery, askari wa mizinga. Zinapatikana kwa shida, na najua kwa nini naitaka.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake na mabaharia. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa wamejifunza mizinga, hawakupata kufyatua hata moja huko walikokuwa wanakwenda.

Hawa wana majina. Yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, mmoja mmoja. Nimeomba rafiki aliyeko Nairobi anipigie picha safu zote, nami nimeanza kuzinakili.

Wa vita ya kwanza hawana bahati hiyo. Kwenye makaburi ya Moshi na Taveta utaona mawe ya askari wa Uingereza na Afrika Kusini, kila jiwe na beji ya rejimenti imechongwa juu ya jina. Kwa Keya wengi wa vita ile na kwa wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi), ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, zilisimamishwa sanamu tatu: Nairobi, Mombasa na ile ya Askari, Dar es Salaam. Hakuna jina hata moja kwenye sanamu hizo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakuenziwa sawa na wengine. Hapa ndipo nauona mradi huu ulipo. Mwingereza akitafuta habari za babu yake, beji humpeleka kwenye rejimenti, na rejimenti humpeleka kwenye jina. Kwetu, katika vita ile, beji ndiyo mwisho wa njia. Wapagazi hata beji hawakupewa.

Kwa hiyo nimebadilisha kadi. Chini ya kila beji ya Keya nimeacha mistari mitupu ya majina. Atakayekuja na jina la babu yake, na kijiji chake, na chochote kinachoonyesha batalioni, cheti, barua, nishani yenye namba ukingoni, nitaliandika. Nishani za vita ya kwanza na hasa ukingo wake ndizo zenye matumaini makubwa, maana namba na jina la askari vilipigwa humo. Wenye vyuma chakavu wa mjini nimewaomba wasiyeyushe nishani ya fedha bila kunionyesha.

Oktoba

Mbao tatu zimekamilika: Tanga 1914, batalioni ya 6, na Bama. Ya nne, ya Narungombe na Nyangao, inangoja beji ya Gold Coast Regiment, ambayo nimeshalipia na iko posta. Ya tano ni ya Madagaska, 1942, pale brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipoteremka Majunga mwezi wa Septemba na kuingia mji mkuu, Tananarive, kabla mwezi haujaisha. Hiyo sijaianza.

Kwenye kadi za batalioni ya 26 jina la kwanza limeingia wiki hii, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe, baada ya kuuliza ndugu zake wote na kukubaliana.